WANAFUNZI WA SHERIA NA WAJE, LAKINI WASIJE KUTUTAZAMA TU



Katika mkutano wa kamati uliopita palizuka maneno makali kidogo, nasi twaona si vizuri yabaki ndani ya kamati. Habari yenyewe ni hii. Walimu wa chuo kimoja wameuliza kama chama kitakubali kuwapokea wanafunzi wa sheria, wakae nasi hapa Kuruwitu na vijiji vya jirani, wajifunze haki za binadamu kwa kufanya kazi badala ya kusoma vitabu peke yake. Wako waliofurahi. Wako pia waliokataa, na hao ni wazee wa chama ambao hatuwezi kuwapuuza. Walisema wamekwisha kuwaona watu wa kalamu wengi: huja na gari, huuliza maswali, hupiga picha kando ya ngalawa, kisha huondoka na jibu halirudi. Mzee mmoja alisema, "Mimi nimeulizwa habari za umaskini wangu mara nne, na umaskini uko pale pale." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeweza kumjibu.

Sisi twasema na waje. Ila twasema vilevile kwamba mzee yule ana haki ya kujibiwa, na jibu lake haliwezi kuwa hotuba. Basi tuanze na jambo tulijualo.

Mwenzetu mmoja alikuwa kibarua katika timbo la mawe. Alilipwa kila jioni, mkononi, bila karatasi yoyote, na kazi hiyo aliifanya zaidi ya mwaka mzima. Siku moja msumeno ukamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nyapara akampeleka hospitali, kisha akamletea nyumbani shilingi 10,000 na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwenzetu hajui Kiingereza. Akaweka dole gumba, akashukuru, akakaa nyumbani kungoja mkono upone. Alipofika ofisini kwetu ilikuwa mwezi wa 14 tangu ajali.

Sasa sikilizeni sheria yasemaje. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri apeleke habari ya ajali kwa mkurugenzi wa serikali anayehusika na usalama kazini, na kama mtu hakufa, tajiri amepewa siku 7. Yamtaka mfanyakazi naye apeleke madai yake katika miezi 12. Daktari hupima ulemavu kwa sehemu katika mia, kisha fidia huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Chukua mtu apataye shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,440,000. Daktari akiandika kuwa ulemavu ni sehemu 10 katika mia, fidia yake ni 144,000. Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuifanya. Mwenzetu alipokea 10,000 naye akasema ahsante.

Tajiri alijua habari za ajali siku ile ile, kwa hivyo hatujakata tamaa, mlango twausukuma. Lakini ni mlango mwembamba. Angekuja mwezi wa kwanza, ungekuwa wazi wote.

Katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imeandikwa kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi, kulipwa ujira wa haki, kufanya kazi katika hali inayofaa, kujiunga na chama na kugoma. Mwanafunzi wa sheria hukijua kifungu hiki kwa moyo. Akiulizwa katika mtihani ataandika kurasa tatu na kupata alama nzuri. Lakini haki ya mwenzetu haikupotea kwa sababu Katiba ilikosa neno. Ilikuwa ikipotea kidogo kidogo katika kalenda, kila mwezi uliopita bila mtu kumwambia kwamba miezi inahesabiwa. Kama mwanafunzi mmoja angekuwa amekaa mezani kwetu juma lile la ajali, kazi yake ingekuwa kuandika tarehe na saa, kuandika majina ya waliokuwapo, kutafuta namna ya kuonyesha mshahara wa mtu asiye na karatasi ya mshahara, kuandika barua, kuipeleka, na kuhakikisha nakala imepigwa muhuri wa kupokelewa. Mambo madogo madogo, ya kuchosha. Sisi twaona haki za binadamu zimo humo kuliko zilivyo katika hotuba za ukumbini.

Tena kuna swali ambalo kitabu hukuachia nusu yake. Tajiri alisema, "Huyu ni kibarua tu, si mtu wangu." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua ni yule alipwaye mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kikaongeza kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi au zaidi, kazi yake yageuka kuwa ya mwezi, na haki zake zageuka pamoja nayo. Hapo kitabu kimemaliza. Lakini nani atathibitisha kwamba alifanya kazi mfululizo? Kitabu cha nyapara kinasema siku tatu huku, siku nne kule. Mama aliyeuza chai timboni anajua mtu huyu alikuwapo kila asubuhi, maana alimkopa chai na mandazi na deni liko katika daftari lake. Dereva wa lori la mawe naye anajua. Mwanafunzi akienda kukaa na yule mama saa nzima, akaona daftari la madeni laweza kuwa ushahidi wa ajira, amejifunza kitu ambacho mwalimu wake angeweza kukitaja lakini asingeweza kumpa.

Mambo haya si mageni duniani. Mwaka 1933 mwanasheria wa Marekani, Jerome Frank, aliuliza kwa nini wanafunzi wa sheria wasifunzwe kama waganga, ambao hupelekwa hospitali kuwaona wagonjwa wenyewe. Hakika, ni nani kati yetu angekubali kutibiwa na daktari ambaye malaria ameisoma tu? Huku kwetu Afrika ya Mashariki, kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961 katika nyumba ya TANU mtaa wa Lumumba, kiliunda Kamati yake ya Msaada wa Sheria katika miaka ya 1960, walimu na wanafunzi wakawa wakiwasikiliza watu wasio na fedha ya wakili. Tukumbuke kwamba siku hizo Wakenya nao walikwenda kusoma sheria huko, kwani Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuanza kufundisha sheria mpaka 1970. Mwaka 1973 mawakili wakaanzisha Kituo cha Sheria huko Nairobi kuwasaidia maskini, nacho kina ofisi Mombasa pia. Na mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo yakitambua chuo chenye kituo cha msaada wa sheria kuwa miongoni mwa watoaji wa msaada huo. Kwa hiyo chuo kikija kwetu hakiji kwa kuomba fadhila. Kazi hii sheria yaijua.

Wako wasemao haki za binadamu ni maneno ya mikutano ya ng'ambo. Hao twawakumbusha tarehe mbili tu. Tangazo la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948, na kifungu chake cha 23 chasema juu ya kazi, ujira wa haki, na haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi. Lakini mgomo mkubwa wa Mombasa ulikuwa Januari 1947, karibu miaka miwili kabla. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Chege Kibachia akaongoza chama chao, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikamkamata na kumhamishia Kabarnet. Wazee wetu walikuwa wakizidai haki hizi kabla mataifa hayajakaa kitako kuziandika, tena walizidai bila mwanafunzi wa sheria hata mmoja, maana Kenya haikuwa na mahali pa kumfunza.

Tukirudi hapa kwetu, Kuruwitu ina somo jingine ambalo timbo halina. Watu wa bahari waliona samaki wanapungua mwaka hata mwaka. Mwaka 2003 wakaunda chama chao cha kuhifadhi bahari na kusaidiana, kisha wakafunga kipande cha bahari chenye ukubwa wa hektari 30 hivi, wasivue humo. Wakakiita tengefu, yaani pahali palipotengwa. Palikuwa pa kwanza Kenya kufungwa na wanakijiji wenyewe. Kanuni za serikali za vikundi vya kusimamia fuo zilikuja baadaye, 2007. Mwaka 2017 chama hicho kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hivyo ndivyo sheria ilivyotungwa ufuoni, na waliotunga hawakuwa mawakili.

Lakini msidhani hapakuwa na maumivu. Bahari haikufungwa juu ya karatasi, ilifungwa mbele ya watu waliokuwa wakila humo. Mvuvi ambaye hana chombo cha kutoka nje ya mwamba, yeye na mshipi wake, aliambiwa asivue pale babu yake alipovua. Mama karanga naye hununua samaki wadogo kwa wavuvi wa pwani, huwakaanga na kuwauza. Alikuwa na haki gani katika shauri lile, naye hana chombo wala wavu? Kifungu cha 42 cha Katiba champa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwenye njaa naye ana haki ya kula, kifungu cha 43. Haki mbili, na zote ni za watu wa kijiji kimoja. Mwanafunzi asipokaa katika baraza la wavuvi akasikia watu wakibishana kwa adabu, kisha bila adabu, kisha wakapatana, atadhani kila shauri la haki lina mwovu mmoja na mnyonge mmoja. Mara nyingi liko hivyo, hasa kati yetu na matajiri. Lakini si kila mara, na mwanasheria asiyejua tofauti hiyo ni hatari kwa pande zote mbili.

Sasa masharti. Tuliyajadili mpaka usiku, na hapa ndipo wazee waliokataa walipotusaidia kuliko waliokubali.

La kwanza ni faili. Mwanafunzi ana muhula, ana likizo, ana mtihani, na baada ya miaka 4 ana shahada na kwenda zake. Shauri halina likizo. Watu wa Owino Uhuru, huko Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri kuukuu, walifungua shauri lao 2016. Hukumu ya kwanza ilitoka 2020 na kuwapa shilingi bilioni 1.3. Likapanda kwa rufani mpaka Korti ya Juu kabisa, nayo ikatoa neno lake Desemba 2024. Hesabuni: ni muda wa wanafunzi wawili kuingia chuo na kutoka, mmoja baada ya mwingine. Kwa hivyo hatutaki faili la mfanyakazi liwe mali ya mwanafunzi. Liwe na wakili mwalimu aliyetia sahihi kwamba ni lake mpaka mwisho, nakala ikae ofisini kwetu, na nakala nyingine nyumbani kwa mwenye shauri. Mwanafunzi anayeondoka amkabidhi anayeingia mbele ya mwenye shauri, si kwa simu.

La pili ni lugha. Sheria ya Ajira yamtaka tajiri amweleze mfanyakazi mkataba wake kwa lugha anayoifahamu, kama hajui kusoma au haijui lugha iliyoandikwa. Tajiri asipofanya hivyo twamlaumu. Je, mwanafunzi akiandika maelezo ya mtu kwa Kiingereza, akamwambia "weka dole hapa", ana tofauti gani na nyapara wa timbo? Maelezo yasomwe kwa Kiswahili, na kwa mzee asemaye Kigiriama tu yasomwe kwa Kigiriama, na mwenye maneno aulizwe: ndivyo ulivyosema? Mwanafunzi asiyeweza jambo hili atafute mwenzake anayeweza. Wanafunzi wa pwani wapo.

La tatu twalisema kwa fahari kidogo, mtusamehe. Mwanafunzi wa sheria, hata akiwa wa mwaka wa mwisho, hana ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu kama wakili. Lakini sheria ya Korti ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2011, kifungu cha 22, yampa kiongozi wa chama cha wafanyakazi ruhusa ya kumsimamia mwanachama wake mbele ya korti hiyo. Kwa maneno mengine, katibu wetu, ambaye shule aliiacha darasa la nane, aweza kusimama mahali ambapo mwanafunzi wa shahada hukaa benchi na kusikiliza. Hatusemi hivi kumdharau mwanafunzi. Twasema ili ijulikane kwamba haji kuwafunza watu wasiojua kitu. Atamsaidia katibu kutafuta hukumu za nyuma na kupanga karatasi, mambo ambayo katibu hayawezi vizuri, na katibu atamwonyesha namna ya kuongea na karani wa korti, namna ya kujua tajiri anapotaka mapatano ya kweli na anapotaka kukuchosha tu. Wakitoka hapo wote wawili watakuwa na faida.

La nne ni ahadi. Mwanafunzi asimwahidi mtu fedha. Kijana mwenye moyo mwema akiona mkono uliokatwa, ulimi wake huteleza: "Mzee, utalipwa." Mzee huenda akakopa juu ya neno hilo. Aseme tu lililo kweli, kwamba barua itapelekwa siku fulani na jibu litaletwa siku fulani, na siku hiyo alete jibu hata kama ni baya. Yule mzee aliyeulizwa mara nne hakukasirika kwa sababu hakupewa fedha. Alikasirika kwa sababu hakuna aliyerudi.

Na juu ya alama za mtihani, tuliuliza kama mwenye shauri naye aweza kuulizwa mwanafunzi alifanyaje kazi. Walimu hawajatujibu. Tutauliza tena.

Ndugu wengine wameuliza gharama. Chama hakina fedha ya kuwalisha wanafunzi, na hatutaki kuanza kazi hii kwa deni. Nauli na chakula ni juu ya chuo. Sisi tutatoa meza, kabati lenye kufuli, na mtu mmoja wa kamati kila siku ya kazi. Tena twapenda waanze na wale ambao chama hakijawafikia: watumishi wa majumbani, walinzi wa usiku, mama karanga. Wasichana wengi wa kazi za nyumbani wala hawajui kwamba mwanamke aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara. Huambiwa tu, "Nenda, ukizaa utarudi," na akirudi amekuta mwingine.

Kwa hiyo twawaomba wanachama. Kila aliye na jambo la kazi lililotokea katika miaka 3 iliyopita alilete ofisini sasa, asingoje wanafunzi wafike, maana muda wa madai ya kazi ni miaka 3, na wa majeraha ni mfupi zaidi kama tulivyosema. Leteni barua, kadi ya kazi, karatasi ya hospitali. Aliyelipwa kwa simu asifute ujumbe wa M-Pesa, kwani jina la aliyetuma na tarehe vimo humo. Aliyelipwa mkononi aje na jina la mtu mmoja aliyemwona kazini. Aliyeweka dole katika karatasi asiyoijua aje pia, wala asione haya.

Mwenzetu wa timbo amekubali kuwa wa kwanza kukaa na wanafunzi. Tulimwuliza kama atachoka kusimulia tena. Alisema atasimulia, lakini kwanza atataka kusomewa kwa Kiswahili ile karatasi aliyoitilia dole, maana mpaka leo hajui ilisema nini.